Kaye ya Mama Mdogo

ILUNGA: Jambo kwenu wote, hapa Lubumbashi na kote munakotusikiliza. Yaya Odette, leo umefika na kaye mkononi, daftari la hesabu.

ODETTE: Ya mama mdogo, yule wa vitumbua wa Katuba. Munamjua, nilimsema Krismasi. Teksi-basi ilimgonga kando ya barabara, mkono wa kuume ukavunjika mahali pawili. Jumanne mwenye gari akatuma watu nyumbani na faranga 400,000 na karatasi ya kutia kidole, kwamba mambo yameisha.

ILUNGA: Alitia?

ODETTE: Nilikuta wino umefunguliwa. Nikawauliza: hii 400,000 muliihesabu namna gani? Kimya.

ILUNGA: Na bima? Tangu 1973 gari haliruhusiwi barabarani bila bima ya watu linaowaumiza.

ODETTE: Ndilo nililouliza pia. Kimya kingine.

ILUNGA: Basi tuanze. Tulitayarisha mambo matano juu ya malipo ya ajali. La kwanza, PV, ile karatasi polisi wanayoandika juu ya ajali...

ODETTE: PV iko. Tuhesabu kwanza. Kila jioni mama mdogo anaandika: unga, sukari, mafuta, makala. Vitumbua 300 kwa siku, kimoja faranga 200, ni 60,000. Toa gharama 38,000, anabaki na 22,000. Mkono kwenye gipsi wiki sita bila kuuza, siku sita kwa wiki, siku 36. Ni faranga 792,000. Sijagusa hospitali wala maumivu.

ILUNGA: Matabishi uliyatoa?

ODETTE: Matabishi gani?

ILUNGA: Yaya, mimi ni mteja wake. Nikinunua kumi ananiongeza kimoja. Na watoto wa shule je?

ODETTE: Sawa, kama 30 kwa siku.

ILUNGA: Basi anauza 270. Ni 54,000, anabaki na 16,000. Mara 36, 576,000. Mwanasheria wa upande ule akiona hiyo, kaye yote itaitwa ya uongo.

ODETTE: Lakini matabishi ndiyo yanakurudisha kesho! Leo wateja wake wamehamia kwa mama wa kona ya pili. Hiyo si hasara?

ILUNGA: Ni hasara, lakini iandikwe peke yake. Usiichanganye na vitumbua.

ODETTE: Iandikwe namna gani? Mteja aliyehama ni faranga ngapi?

ILUNGA: Hapo ndipo hakimu anakadiria. Dekreti ya 1888, kifungu cha 258, inasema aliyemuumiza mwenzake kwa kosa lake lazima alipe hasara ile. Kisichokuwa na hesabu kamili, mahakama zetu zinakikadiria kwa haki zinavyoiona, ex aequo et bono. Kwa hiyo kaye ni mali kubwa.

ODETTE: Basi twende mahakamani.

ILUNGA: Hapana. Mimi ningewaomba waongeze mpaka 600,000, nichukue. Kesi ni safari, ni mwanasheria, ni kuahirishwa. Wale watoto wake wanakula bukari leo.

ODETTE: Na ile karatasi? Ukishatia kidole, kesho utadai nini? Daktari hajasema konsolidasio, ile siku anaandika kwamba jeraha limetulia. Kabla ya hapo hakuna anayejua asilimia ya ulemavu utakaobaki. Alhamisi alijaribu kuchota unga uliokorogwa. Vidole havikufunga, kijiko kikaanguka, unga ukamwagika mezani. Akaufuta kwa mkono wa kushoto, hakusema kitu. Hiyo ni faranga ngapi?

ILUNGA: Sijui, Yaya. Lakini njaa nayo haingoji daktari.

ODETTE: Familia itamlisha.

ILUNGA: Miezi mingapi? Miaka miwili?

ODETTE: Hata miwili.

ILUNGA: Hapo sikubali.

ODETTE: Na mimi sikubali kidole chake kiguse wino ule.

ILUNGA: Wanatuonyesha saa. Hatukufika hata jambo la pili, la cheti cha daktari.

ODETTE: Liache. Nakimbia Katuba kabla ya giza, anangoja kaye yake.

ILUNGA: Ya nini, na hauzi?

ODETTE: Anaandika bado. Angalia huu ukurasa, ni mkono wa kushoto, herufi zinalala: unga 0, mafuta 0, makala 0, vitumbua 0. Kila jioni, tangu ajali.