Lithuania: nchi ambayo cheti chake cha kifo hakikusainiwa

Habari za asubuhi ndugu zangu, mlioko nyumbani na mliotawanyika kama mimi. Hapa Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, ni saa mbili kamili asubuhi, tarehe 13 Januari, na giza bado halijaondoka vizuri. Ngoja nigeuze kamera mwone dirishani. Mnauona huo mshumaa? Sasa tazameni ng'ambo ya barabara: ghorofa ya pili, ya nne, na pale kwenye kona. Kila mwaka siku ya leo, saa hii hii, Walithuania huwasha mshumaa dirishani ukawaka dakika kumi, kuwakumbuka waliouawa mjini hapa Januari 13, 1991; nitafika huko. Huu wa kwetu kauwasha bibi mwenye nyumba. Yuko jikoni, hataki kuonekana kwenye video, lakini kaniruhusu nizungumze hadi atakapokuja kuuzima.

Kwa hiyo nina dakika kumi za kujibu swali mnaloniletea mara kwa mara: nchi ndogo ikishamezwa na dola kubwa, halafu dola nyingine kubwa zikanyamaza, kuna kitu kinachobaki? Mimi nasema kipo, na jina lake ni neno moja tu: kutambua. Nitalirudia sana leo, mnivumilie.

Tuanze tarehe 23 Agosti 1939. Ujerumani ya Hitler na Umoja wa Kisovyeti wa Stalin walisaini Moscow mkataba wa kutoshambuliana. Ulimwengu ulisoma mkataba huo magazetini. Ambacho haukukisoma ni itifaki ya siri iliyoambatanishwa, ambayo iligawa nchi za watu. Estonia na Latvia zikaangukia upande wa Stalin, Lithuania upande wa Hitler. Wiki tano baadaye, tarehe 28 Septemba, wakabadilishana: Lithuania ikapelekwa kwa Stalin, Hitler akapewa kipande kikubwa zaidi cha Poland. Hakuna Mlithuania aliyeulizwa.

Na kuna jambo lililonikosesha usingizi siku nilipolisoma. Kusini magharibi mwa Lithuania kulikuwa na ukanda ambao Wajerumani waliutaka ubaki kwao. Wasovyeti wakauchukua pia, kisha Januari 1941 wakakubaliana bei: dola za dhahabu 7,500,000. Watu wa ukanda ule walikuwa mashambani mwao, wanakamua ng'ombe wao, na ardhi iliyo chini ya miguu yao inauzwa na mtu ambaye si yake kwa mtu ambaye si yake.

Mambo hayakwenda kwa kishindo, yalikwenda kwa hatua. Oktoba 1939 Moscow iliikabidhi Lithuania mji huu wa Vilnius, ambao ulikuwa mikononi mwa Poland na Walithuania walikuwa wakiulilia kwa miaka karibu ishirini. Zawadi hiyo ilikuja na sharti: askari wa Kisovyeti 20,000 waweke kambi nchini. Watu wa hapa wakatunga msemo ambao bibi ndiye aliyenifundisha, na kwa lugha yao una vina: Vilnius ni yetu, sisi ni wa Warusi.

Kisha ikaja Juni 14, 1940. Karibu saa sita usiku, waziri wa mambo ya nje wa Lithuania akiwa Moscow alikabidhiwa makataa: serikali ibadilishwe, majeshi zaidi yaruhusiwe kuingia, na jibu litoke kabla ya saa nne asubuhi. Sasa sikilizeni, siku hiyo hiyo ya Juni 14 ndiyo Wajerumani waliingia Paris. Dunia nzima ilikuwa inaitazama Paris. Nani angekuwa na jicho la ziada kwa Lithuania? Mwezi uliofuata pakafanyika kinachoitwa uchaguzi, orodha ya wagombea ikiwa moja tu, na ilipofika Agosti 3 nchi ikawa jamhuri ya Kisovyeti.

Hapa ndipo neno langu linapoingia. Tarehe 23 Julai 1940, Sumner Welles, aliyekuwa akikaimu uwaziri wa mambo ya nje wa Marekani, alitoa tamko fupi. Alisema uhuru wa jamhuri hizi tatu ndogo za Baltiki, Estonia, Latvia na Lithuania, unaangamizwa kwa hila na jirani mwenye nguvu, na Marekani haitakubali. Haikutuma meli wala askari. Ilikataa tu kutambua. Siku chache kabla yake Rais Roosevelt alikuwa ameshazuia mali za nchi hizi zilizokuwa Marekani, dhahabu ikiwamo, ili Moscow isizichukue.

Kiswahili chetu kinanisaidia hapa. Kutambua ni kumjua mtu ni nani. Unamtambua ndugu kwa sauti yake gizani. Na chumba cha maiti nako unaitwa ukatambue, useme ndiyo, ni yeye, ndipo makaratasi yaandikwe. Tamko la Welles lilikuwa kama ndugu aliyeitwa chumba cha maiti akakataa kusaini, akasema huyu hajafa, siandiki.

Lakini nisiwadanganye kwamba Marekani ilisimama imara kama mwamba. Tehran, Desemba 1943, Roosevelt huyo huyo alimwambia Stalin kwa utani kwamba majeshi ya Kisovyeti yakirudi katika nchi za Baltiki, yeye hatapigana vita kwa ajili hiyo. Utani! Watu wazima wawili wanacheka, na nchi tatu zinakwenda. Sweden nayo ilitambua utwaaji ule mapema na ikaikabidhi Moscow dhahabu iliyokuwa imehifadhiwa kwake. Uingereza, ambayo kisheria haikuwahi kutambua, mwishoni mwa miaka ya 1960 ilitumia dhahabu ya nchi hizi iliyowekwa London kumaliza madai yake na Wasovyeti. Zote mbili zililipa baada ya uhuru kurudi, lakini hebu fikiria unamwachia jirani akiba yako, unatekwa, na yeye anaitumia kufunga hesabu zake na aliyekuteka.

Wakati huo, humu ndani? Wasovyeti, halafu Wajerumani kuanzia 1941 hadi 1944, halafu Wasovyeti tena. Chini ya Wajerumani, zaidi ya asilimia 90 ya Wayahudi wa Lithuania waliuawa, wengi wakipigwa risasi kando ya mashimo, na miongoni mwa wauaji walikuwamo Walithuania. Msitu wa Paneriai, walikouawa wengi wao, uko pembezoni mwa mji huu. Nimefika mara moja, sikuweza kutoa kamera. Nalisema hili kwa sababu taifa lililoonewa laweza pia kuwa na damu ya jirani yake mikononi, na anayewapenda watu wa hapa kweli hawezi kulificha. Wasovyeti waliporudi, watu zaidi ya laki moja walipakiwa kwenye mabehewa kupelekwa Siberia na kwingineko, watoto na vikongwe. Wapiganaji wa msituni walipambana hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakaisha.

Na Washington, muda wote huo, ubalozi wa Lithuania ulikuwa wazi. Bendera inapepea, balozi anaamka, anavaa tai, anakwenda kazini. Gharama zililipwa kutokana na ile mali iliyozuiwa na Roosevelt. Mzee Stasys Lozoraitis, ambaye mwaka 1940 alipewa jukumu la kuongoza mabalozi wote wa Lithuania waliobaki nje, alifariki 1983 akiwa bado mkuu wao. Mwanawe, mwenye jina hilo hilo, akakabidhiwa Washington mwaka 1987. Baba amezeeka na kufa akiwa mwanadiplomasia wa nchi isiyokuwapo kwenye ramani, na mwana akaipokea kazi ile ile. Nikiishiwa nguvu huku ugenini, mara nyingi huwafikiria hawa wawili.

Tukimbie kidogo. Agosti 23, 1989, miaka 50 kamili tangu ule mkataba, watu wapatao milioni mbili walishikana mikono kutoka Tallinn, Estonia, kupitia Riga, Latvia, hadi hapa Vilnius, zaidi ya kilomita 600. Bibi alisimama kwenye mnyororo huo, nje kidogo ya mji. Anasema mtu aliyeushika mkono wake wa kushoto hakumjua na hajawahi kumwona tena. Desemba mwaka huo bunge la Moscow lenyewe likakiri na kulaani ile itifaki ya siri, baada ya kukana kwa miongo mitano. Tarehe 11 Machi 1990, wabunge wa Lithuania, wakiongozwa na profesa wa muziki, Vytautas Landsbergis, wakatangaza kurejesha uhuru. Kura 124 za ndiyo, hakuna ya hapana, sita hawakupiga upande wowote.

Ungedhani waliokataa kutambua miaka 50 wangekimbilia mlangoni. Hawakukimbia. Moscow ilifunga mafuta mwezi Aprili, na mwezi huo huo Kohl wa Ujerumani Magharibi na Mitterrand wa Ufaransa wakamwandikia Landsbergis barua, wakimwomba asitishe kwa muda yale yaliyotokana na tangazo la uhuru. Bush wa Marekani naye alikuwa akimchunga Gorbachev, kiongozi wa Kisovyeti, asianguke. Hesabu zao nazielewa. Kohl alimhitaji Gorbachev ili Ujerumani mbili ziungane. Bush alimhitaji, hasa tangu Agosti mwaka huo Iraq ilipoivamia Kuwait, na pale Baraza la Usalama kura ya turufu ya Moscow ingeharibu kila kitu. Nazielewa, na bado zinaniuma.

Maana angalieni tarehe. Umoja wa Mataifa uliipa Iraq hadi Januari 15, 1991 iondoke Kuwait. Macho yote Ghuba. Usiku wa kuamkia Januari 13, yapata saa nane, vifaru vya Kisovyeti vilifika kwenye mnara wa televisheni wa mji huu, na mbele yake wamesimama raia mikono mitupu. Ni kama ile Juni ya Paris tena. Kumi na wanne wakauawa, mamia wakajeruhiwa. Matangazo ya Vilnius yakakatika mtangazaji akiwa bado hewani, halafu wa mji wa Kaunas wakaanza kurusha, wakaomba dunia isikie. Bibi hakuwa mnarani, alikuwa kwenye uwanja wa bunge, maelfu wamelizunguka, wameweka vizuizi vya zege na kuwasha moto wa kuni. Nilimuuliza aliogopa nini zaidi, vifaru au risasi. Akasema aliogopa kwamba asubuhi ingefika na hakuna redio ya nje ambayo ingelitaja jina la nchi yake.

Aliyekuja ni waziri wa mambo ya nje wa Iceland, Jón Baldvin Hannibalsson. Nchi ya watu wasiofika laki tatu wakati ule, isiyo na jeshi, ambayo ilikuwa ikinunua mafuta kwa Wasovyeti na kuwauzia samaki. Tarehe 11 Februari 1991 bunge la Iceland likatamka kwamba linaitambua Lithuania. Wa kwanza Ulaya Magharibi! Moscow ilikasirika, balozi akaitwa nyumbani, Iceland haikurudi nyuma. Wakubwa walifika baadaye, jaribio la kumpindua Gorbachev liliposhindwa Moscow mwezi Agosti: Marekani Septemba 2, Umoja wa Kisovyeti wenyewe Septemba 6, na Septemba 17 Lithuania ikakaa kitini Umoja wa Mataifa. Kule Washington Lozoraitis hakutafuta jengo, alikuwa amekwishakaa ndani.

Siku nyingine nitawapeleka mji mkongwe, kuna barabara inayoitwa Islandijos, maana yake barabara ya Iceland. Ni fupi sana, unaimaliza kabla hujavuta pumzi vizuri.

Ee, bibi kaja. Subirini, nishushe sauti. Anasimama kwanza. Huwa hauzimi kwa kupuliza, anaubana utambi kwa vidole. Haya. Na kule ng'ambo nao wameanza kuzima, tazameni, la nne, la pili. La kona bado linawaka.