Fomu ya Jamaa wa Karibu

Mwenyekiti, walimu wangu, na nyinyi vijana mliosimama hadi kule mlangoni, asanteni kwa kuja na joto hili.

Nimefanya kazi ya ofisi ya wafanyakazi katika hoteli za pwani hii kwa miaka 19. Jambo la leo, haki za wapenzi wa jinsia moja kazini, nimelijulia kwenye makaratasi. Kila anayeajiriwa hujaza fomu, na chini kabisa pana mstari wa jamaa wa karibu: jina, uhusiano, simu. Watu hujaza ukurasa mzima bila kuinua kichwa, wakifika hapo baadhi yao kalamu husimama. Mhudumu mmoja aliandika jina la mwanamume, akaandika “rafiki”, akalikata, akaandika “binamu”. Nilijua, naye akajua kwamba nimejua. Mwaka uliofuata uvumi ukamfikia meneja. Barua ya kumwachisha kazi haikutaja neno. Ilisema tu huduma zake hazihitajiki tena. Niliichapa mimi, kwa mikono hii. Inaniuma mpaka leo.

Kule Marekani nako mambo yalianzia kwenye fomu, kabla ya bendera za upinde wa mvua. Mwaka 1982, chama cha wafanyakazi kilidai na gazeti la Village Voice la New York likakubali kuwapa bima ya afya wenzi wa wafanyakazi wasiooana kisheria. Mwaka 1991 Lotus, kampuni ya programu za kompyuta, ikafanya hivyo kwa wapenzi wa jinsia moja. Nawaomba mlishike hili: wafanyakazi ndio walioomba.

Ilipofika kesi ya Obergefell, ya kudai haki ya ndoa hizo, waajiri na mashirika ya waajiri 379 waliiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani kuunga mkono ndoa za jinsia moja. Walisema sheria zinatofautiana jimbo kwa jimbo na wao wana ofisi kila mahali. Hebu fikirieni umehamishwa kazi kutoka Mombasa kwenda Nairobi, ukifika Mtito Andei cheti chako cha ndoa kimekufa. Mkeo hana tena bima, na ukilazwa hospitali yeye ni mgeni tu. Tarehe 26 Juni 2015 majaji 5 kwa 4 wakaihalalisha ndoa hiyo nchi nzima.

Kuna wanaoniambia hiyo ilikuwa biashara tu. Biashara ilikuwamo, sikatai, na ndiyo maana upepo ulipogeuka wengine walirudi nyuma. Mwaka 2024 Ford na Lowe's zilijitoa kwenye upimaji wa usawa kazini unaofanywa na Human Rights Campaign, shirika la Marekani linalotetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Lakini hukumu ile ingali palepale.

Sasa tuje kwetu. Sitawadanganya: ibara ya 45 ya Katiba yetu inazungumzia ndoa ya mume na mke, na Kanuni ya Adhabu bado inatishia kifungo cha miaka 14 kwa mapenzi ya jinsia moja. Hata hivyo ni Mahakama ya Rufani iliyoketi hapahapa Mombasa, Machi 2018, iliyosema ni haramu kuwalazimisha watu uchunguzi wa njia ya haja kubwa, baada ya wanaume wawili kukamatwa Kwale. Februari 2023 Mahakama yetu ya Juu ikasema wapenzi wa jinsia moja wana haki ya kusajili shirika lao. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri athibitishe sababu ya kumfukuza mtu. Uvumi si sababu.

Kwa hiyo nawauliza wenye hoteli na mabenki mnaojisifia usawa huko makao makuu: sera ile hupanda ndege ikafika hapa, au huachwa uwanjani London? Sijawaomba bendera. Nawaomba bima, barua yenye sababu, na meneja asiyesikiliza umbea.

Ninapofanya kazi sasa, nimeuondoa ule mstari wa “uhusiano”. Mkurugenzi aliniuliza kwa nini. Nikamwambia, bwana, mtu akianguka jikoni saa nane za usiku, tunachohitaji ni jina na namba ya simu.