Mchoro Uko Wapi? Kufunga Maktaba Yenye Msimbo Uliozalishwa kwa Ajili ya Debian

Assalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu na vijana wenzangu. Ahsanteni kwa kuitika, hasa nyinyi mliovuka kutoka Manda na jua hili.

Nianze na kofia. Kofia ya vito haianzi na sindano, huanza na penseli. Mtu huchora maua kwenye kitambaa cheupe, ndipo mshonaji akaufuata mstari. Kofia ikishakwisha na kufuliwa, penseli haionekani tena. Ukitaka ua lile lile liwe kubwa kidogo, kuikodolea macho kofia hakutakufaa. Utamtafuta aliye na mchoro.

Na programu ni hivyo hivyo. Kuna msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ambao hauandikwi na mtu. Mtu huandika sheria chache, kisha programu nyingine, kama flex au bison, ikazisoma na kutoa mistari chungu nzima ya lugha ya C. Huo ndio msimbo uliozalishwa. Kompyuta haina shida nao, lakini binadamu akiufungua hukutana na majedwali ya namba, safu juu ya safu, asijue aguse wapi.

Mimi hufunga vifurushi vya Debian, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa aina ya Linux, ulioanzishwa mwaka 1993. Ubuntu imejengwa juu yake, na hata mfumo wa vile vikompyuta vya Raspberry Pi. Kufunga ni kuichukua kazi ya mtunzi wa programu, kuipanga, na kueleza inahitaji nini ili ijengwe, hata wewe uliyeko Langoni uandike amri moja tu na programu iingie.

Kifurushi changu cha kwanza kilikuwa maktaba ndogo, yaani msimbo ambao programu nyingine huutumia, ya kusoma majedwali ya maji kupwa na kujaa. Kwa nini niliipenda, hapa Lamu sina haja ya kueleza: anayekwenda Faza hungoja maji yajae ndipo apite mlango wa bahari wa Mkanda. Ndani yake mlikuwa na faili la C la mistari karibu elfu mbili, na juu kabisa imeandikwa kwamba limezalishwa na flex. Faili la sheria halimo. Maktaba ikajengeka, ikafanya kazi, nikaipeleka Debian kwa furaha. Mkaguzi akairudisha na swali moja: sheria ziko wapi?

Nilikasirika, nikaona ni urasimu. Leo nasema mkaguzi yule alikuwa na haki kabisa. Leseni ya programu huria iitwayo GPL, toleo la 2 la mwaka 1991, inaeleza kwamba msimbo chanzo ni ile sura ya kazi ambayo mtu angeipendelea akitaka kuifanyia mabadiliko. Majedwali ya namba si sura hiyo. Na miongozo ya Debian ya programu huria inataka msimbo chanzo uwemo.

Mtunzi, Mungu ambariki, alilitafuta faili la sheria akalipata: mistari 43 tu. Nikafuta lile la C, nikaiongeza flex kwenye orodha ya mahitaji ya ujenzi, nikajenga upya. Jaribio moja likaanguka, la siku za bamvua.

Mnajua bamvua inavyokupwa, mwamba ukabaki wazi. Siku hizo kipimo huweza kushuka chini ya sifuri, na jedwali likaandika -0.1. Maktaba yangu mpya ilikuwa inaidondosha ile alama ya kutoa! Sentimita kumi chini ya sifuri zikasomeka kumi juu yake, na nahodha angedhani ana sentimita ishirini za maji ambazo hazipo. Nikayalinganisha mafaili mawili mstari kwa mstari hadi alfajiri. Miaka ya nyuma mtu aliliona kosa lile, akalirekebisha ndani ya faili lililozalishwa, na sheria akaziacha kama zilivyo. Yeyote ambaye angezalisha upya angelifuta rekebisho lile bila kujua kwamba lilikuwepo.

Kuna sababu nzito zaidi. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia hadi akafika kwenye xz, maktaba ya kubana data. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa yametiwa mlango wa siri. Kipande cha kuufungua hakikuwemo kwenye ghala la Git, pale msimbo na mabadiliko yake huwekwa, ambalo watu hulitazama. Kilikuwa kwenye tarboli peke yake, yaani lile furushi la mafaili linalotolewa kwa kila toleo, ndani ya faili la maelekezo ya ujenzi, aina ya faili ambalo tumezoea kulipita tu tukijua limetolewa na mashine. Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka mkaguzi wangu.

Basi ukifunga, futa kila kilichozalishwa, ukizalishe upya. Ujenzi wa Debian hauruhusiwi kwenda kuchukua kitu kwenye intaneti, kwa hiyo chombo cha kuzalishia nacho lazima kiwe kifurushi ndani ya Debian. Kama hakimo, ukifunge hicho kwanza. Hapo kazi ya wiki hugeuka ya miezi, na ni kazi ya halali.

Rekebisho la bamvua nililiandika kwenye sheria, mstari mmoja, nikampelekea mtunzi, akalipokea. Faili la C amelitoa kwenye ghala lake. Kompyuta iko hapa mezani na flex imo. Sogeeni tulizalishe pamoja, tuanze na jedwali la bamvua.