Udongo wa Indiana: Uwanja wa Farasi Uliowabeba Madereva Weusi

Shikamooni wakubwa zangu, na salamu kwenu nyote mnaonitazama kutoka nyumbani. Leo nimewaletea kamera yangu hadi katika uwanja wa maonyesho wa jimbo la Indiana, ulioko Barabara ya 38 hapa mjini Indianapolis, kwa sababu wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kuhusu mashindano makubwa ya magari ya mji huu, yale ya maili 500, na kila ninapojibu hubaki na deni moyoni. Mashindano hayo yanajulikana dunia nzima na hayana upungufu wa wasimuliaji. Lakini kuna uwanja mwingine, mkongwe kuliko ule, ambao watu hupita kando yake wakila mahindi ya kuchoma kila mwezi wa Agosti bila kujua wanapita wapi. Ndio huu ulio mbele yangu.

Kwanza mwelewe maonyesho yenyewe. Chukueni Nane Nane yetu, pamoja na mabanda ya mifugo, trekta mpya, wanafunzi waliovaa sare na ngoma za jioni, kisha muiweke katika eneo la kudumu lenye majengo ya matofali ambalo jimbo zima hukutana kila mwaka. Maonyesho ya Indiana yalihamia mahali hapa mwaka 1892, na kama ilivyokuwa katika takriban kila uwanja wa maonyesho wa Marekani wakati huo, mojawapo ya vitu vya kwanza kujengwa ilikuwa njia ya mbio yenye umbo la yai, mbele ya jukwaa la watazamaji. Njia hiyo ilikuwa ya farasi. Mkulima alikuja kuonyesha ng'ombe wake na kutazama wa jirani yake, na mchana akaketi jukwaani kushangilia farasi waliokwenda telki huku wakikokota vigari vyepesi vya magurudumu mawili.

Umbo hilo la uwanja lina maana kubwa katika historia nzima ninayowasimulia. Farasi huhitaji udongo usioumiza kwato, huhitaji kona pana zisizomvunja mguu, na hahitaji kona zilizoinuliwa sana upande wa nje. Njia hii ilipimwa maili moja kamili, yaani kilomita 1.6, ikiwa karibu tambarare kote, na ilipangwa hivyo ili muda wa farasi wa hapa uweze kulinganishwa na wa farasi wa jimbo jingine. Hakuna aliyekuwa akiwaza injini. Ndiyo maana magari yalipofika yalikuta njia iliyokwisha kupimwa, jukwaa lililokwisha kujengwa, uzio wenye mlango wa kukatia tiketi, na watu waliozoea kulipa ili waone kitu kikikimbia. Mbio za magari za Marekani zililelewa na viwanja vya maonyesho ya kilimo kwa sababu hiyo, na si kwa sababu udongo ulikuwa bora kwa tairi.

Tarehe 20 Juni 1903, dereva Barney Oldfield alilileta hapa gari la Henry Ford lililoitwa 999 na kuzunguka maili moja kwa sekunde 59.6. Hakuna mtu aliyekuwa ameendesha gari la petroli maili nzima katika njia ya mviringo kwa muda usiofika dakika moja. Kwa hesabu yetu huo ni mwendo wa takriban kilomita 97 kwa saa, ambao leo basi la kwenda mkoani huufikia kabla abiria hawajamaliza kufunga mikanda; lakini lile gari lilikuwa fremu, injini kubwa na kiti, bila bodi ya kumkinga dereva, juu ya udongo uliochimbwa na kwato.

Miaka miwili baadaye, Novemba 1905, kampuni ya magari ya National ya hapa Indianapolis ilileta gari lake kujaribu rekodi ya saa 24. Madereva walizunguka njia hii mchana kutwa na usiku kucha, katika baridi ya mwezi ambao hapa hukausha midomo, wakakamilisha zaidi ya maili 1,094, karibu kilomita 1,760. Mkuu wa kampuni hiyo alikuwa Arthur Newby. Mwaka 1909 Newby, pamoja na Carl Fisher, James Allison na Frank Wheeler, walifungua uwanja mkubwa wa Indianapolis Motor Speedway upande wa magharibi wa mji. Kwa hiyo kabla njia ya uwanja ule haijatandikwa matofali yake maarufu, magari ya mji huu yalikuwa yamekwisha kujipima hapa, juu ya udongo wa farasi.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonileta.

Katika miaka ya 1920, mashindano makubwa ya magari nchini Marekani yalisimamiwa na chama cha wenye magari, AAA, na chama hicho hakikuwaruhusu watu weusi kushindana. Mtu mweusi aliweza kuliosha gari la mbio, kulisukuma, na hata kulitengeneza injini yake usiku, lakini asubuhi hakukaa nyuma ya usukani. Na Indiana ya wakati huo ilikuwa ngome ya Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi. Katika uchaguzi wa Novemba 1924, mgombea aliyeungwa mkono na kundi hilo, Edward Jackson, alichaguliwa kuwa gavana. Mniruhusu niseme wazi kwamba unapozijua habari hizo, kilichofanyika katika uwanja huu miezi mitatu tu kabla ya uchaguzi huo unakitazama kwa macho mengine kabisa.

Tarehe 2 Agosti 1924, hapa hapa, madereva weusi walishindana mbio za maili 100, yaani mizunguko 100. Nyuma ya mpango huo alikuwamo William Rucker, mtu mashuhuri miongoni mwa weusi wa Indianapolis, aliyeshirikiana na waandaaji wazungu waliokuwa tayari kuweka fedha zao. Frank Young, mwandishi wa michezo wa gazeti la weusi la Chicago Defender, aliyapa mashindano hayo jina lililodumu: Gold and Glory Sweepstakes, shindano la dhahabu na utukufu. Mshindi wa kwanza alikuwa Malcolm Hannon. Jukwaani waliketi maelfu, familia zilizovalia mavazi ya ibada, wengine wakiwa wamesafiri kwa treni kutoka miji mingine, ili kuwaona vijana wao wakifanya kile walichoambiwa hawawezi.

Miongoni mwa watu wote waliopita katika uwanja huu, mimi namweka mbele Charlie Wiggins. Alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Evansville, kusini mwa jimbo hili, na utotoni alikuwa akipiga viatu rangi nje ya gereji. Mwenye gereji alimwona jinsi alivyokuwa akiyasikiliza magari, akampa nafasi ya kujifunza kazi, na kijana akawa fundi ambaye hata wazungu wasiotaka kuketi naye meza moja walimpelekea magari yao. Alihamia Indianapolis na mkewe Roberta mwanzoni mwa miaka ya 1920, akafungua gereji yake. Alipotaka kushindana hakuwa na kampuni ya kumpa gari, basi akaliunda mwenyewe kwa vyuma na vipuri alivyookota katika majaa ya magari mabovu. Akaliita Wiggins Special.

Gari hilo lilishinda mashindano ya mwaka 1926, na Wiggins akayashinda tena mwaka 1931, 1932 na 1933. Mara nne. Mtu aliyezuiwa asiguse usukani katika uwanja mkubwa wa mji wake aliwashinda wote katika uwanja wa pili wa mji huo huo, kwa gari alilolifunga nati moja moja kwa mikono yake. Mwaka 1934, dereva mzungu Bill Cummings alishinda maili 500, na kwa mujibu wa simulizi za watu wake, Wiggins alilishughulikia gari la Cummings, ila ilimbidi ajifanye mfagiaji ili aruhusiwe kuingia gereji. Nikisimulia jambo hilo huwa nanyamaza kidogo, kwa maana sina neno la kuongeza.

Ili mpime alichokuwa akikifanya, lazima niwaeleze udongo wenyewe ulivyo, kwa kuwa anayeuona kwenye televisheni hudhani ni vumbi tu. Kabla ya mbio, boza humwaga maji na greda husawazisha, kisha magari mazito huzungushwa polepole ili kuushindilia. Ukiwa na unyevu wa kutosha, udongo hushika tairi. Mbio zikianza, jua na magurudumu huanza kuukausha kuanzia katikati, ile njia inayopitwa zaidi hugeuka nyeusi, ngumu na yenye kung'aa, na udongo uliolegea hurushwa nje ukajikusanya kama tuta jepesi karibu na ukuta. Dereva ana chaguo mbili: apite chini kwenye ule mstari mgumu, ambako njia ni fupi lakini inateleza, au apande juu na kulaza gurudumu la nyuma kwenye tuta, ambako njia ni ndefu lakini gari hupata pa kujikita. Katika kona gari huenda kwa ubavu. Mzunguko wote unakata kushoto, ilhali mikono ya dereva imegeuza usukani kulia ili kulizuia lisijizungushe. Hali hubadilika kila mizunguko michache, hivyo aliyechagua vizuri mzunguko wa 20 anaweza kuwa amekosea mzunguko wa 60. Na kama maji hayakutosha, vumbi hufunika kila kitu, na aliye nyuma huendesha kwa kukisia.

Magari 13 yalihusika katika ajali ya mashindano ya mwaka 1936. Gari la Wiggins lilikuwa mojawapo. Alipoteza mguu wake wa kulia, na mashindano ya Gold and Glory yakaishia mwaka huo. Alijitengenezea mguu wa mbao, akarudi kwenye gereji, na kwa miongo mingi iliyofuata aliwafundisha kazi vijana na kuendelea kutetea haki ya madereva weusi hadi alipofariki mwaka 1979. Dereva mweusi wa kwanza kushiriki maili 500 za Indianapolis, Willy T. Ribbs, aliingia uwanjani mwaka 1991.

Vita Kuu ya Pili ilisimamisha mbio za magari nchi nzima mwaka 1942. Baada ya vita, udongo huu ulipata enzi nyingine, na mwaka 1953 yakaanza mashindano ya Hoosier Hundred, ambayo mshindi wake wa kwanza alikuwa Bob Sweikert. Kwa miaka mingi wale wale waliogombea maili 500 mwezi wa Mei walirudi hapa mwishoni mwa kiangazi kugombea maili 100 za udongo, na alama zake zilihesabiwa katika ubingwa wa taifa. A. J. Foyt alishinda mara sita. Mario Andretti alishinda, na Al Unser alichukua ushindi miaka minne mfululizo kuanzia 1970 hadi 1973. Lakini magari ya lami yalikuwa yamekwisha kubadilika, injini zikiwa nyuma ya dereva na kimo chake kikiwa cha chini mno kwa njia yenye mabonde, na baada ya msimu wa 1970 viwanja vya udongo viliondolewa katika ubingwa mkuu. Kwa maoni yangu huo ndio wakati dereva wa Marekani alipoacha kulazimika kujua kila kitu.

Pikipiki nazo zilikuwa na siku yake. Mwaka 1975, Kenny Roberts alipanda hapa Yamaha yenye injini ya mitungi minne iliyoundwa kwa ajili ya lami, akapita juu kabisa kando ya marobota ya majani makavu, na akawapata waliokuwa mbele yake katika mita za mwisho. Nguvu ya mashine ile iliwatisha watu kiasi kwamba aina hiyo ya injini ilipigwa marufuku katika mbio za udongo.

Hoosier Hundred ya mwisho katika uwanja huu ilifanyika mwaka 2020, na Kyle Larson akashinda. Wasimamizi wa maonyesho walikuwa wameamua njia itandikwe changarawe laini ya mawe ya chokaa, ifae farasi na iweze kuegeshwa magari wakati wa shughuli kubwa. Nikiinama hapa na kuisogeza kwa kidole, mnaona wenyewe: ni ya kijivu, kavu, inalia chini ya kiatu, na haishikamani hata nikiifinya kiganjani. Naelewa hesabu zao, kwa kuwa uwanja wa maonyesho huishi kwa kukodisha nafasi siku zote za mwaka na mbio zilikuwa za usiku mmoja. Hata hivyo nasikitika, na sioni sababu ya kulificha hilo. Njia ya maili moja ya udongo haijengwi tena mahali popote, na kila moja inayofungwa haina mbadala.

Kwa ndugu zangu Wakongomani, Warundi na wengine mnaoishi huku katikati ya Marekani, jimbo la jirani la Illinois bado lina njia mbili za udongo za maili moja katika viwanja vyake vya maonyesho. Moja iko Springfield, ambayo mbio zake huwa Agosti, na nyingine iko Du Quoin, upande wa kusini, ambako hukimbia mwishoni mwa juma la Sikukuu ya Wafanyakazi, mwanzoni mwa Septemba. Wapelekeni watoto. Ketini juu kabisa jukwaani, karibu na kona ya kwanza, kwa maana hapo mtaona dereva akichagua kati ya mstari ule mweusi wa chini na tuta la juu.