U si Muhuri wa Dhahania

Walimu wenzangu, nianze na daftari. Mtoto wa jirani aliniletea daftari lake la Kiswahili, machozi yakimlengalenga. Aliambiwa ataje nomino tano za dhahania, yaani majina ya hisia, hali au matendo, akaandika: furaha, hofu, imani, wizi, mapenzi. Zote kakosa! Chini, kwa wino mwekundu: "Nomino dhahania huanza na u." Mwenzake aliyeandika "ukuta" kapewa tiki.

Nimelisema hili mara nyingi, na leo nalisema tena: u ni kiambishi, kipande cha kubandika kwenye neno, si muhuri. Ukuta unaugonga kwa kichwa, na wingi wake ni kuta. Furaha, hofu na imani tumezipokea kutoka Kiarabu zikiwa dhahania tayari; u ya nini? Na hiyo wizi, u imo humo humo! Imekutana na i ikawa w, kama inavyokutana na e kwenye wema na wepesi.

Lakini kinachoniuma ni mapenzi. Chukueni kitenzi penda. Ukibandika u mbele tu, unapata "upenda", neno ambalo halipo. Mwisho nao lazima uguswe. Weka o: upendo. Weka i, na ma mbele badala ya u, nd inageuka nz: mapenzi, kama linda inavyozaa ulinzi. Anza na pendelea: upendeleo. Mama ana upendo kwa wanawe wote. Akimwekea mmoja mnofu mkubwa kila siku, watoto watalalamikia upendeleo. Mapenzi waachieni wachumba. Mtoto wa darasa la tatu hayachanganyi maneno haya nyumbani, sisi tunamchanganya shuleni.

Mtasema darasa lina watoto themanini, kanuni fupi ya kubandika u mbele inasaidia. Sawa, kwa zuri na uzuri, huru na uhuru, jamaa na ujamaa, mtu na utu, inatosha kabisa. Ila kwenye vitenzi inavunjika: pika, upishi, fuata, ufuasi, lewa, ulevi. Msimkaririshe sheria za sauti. Mpeni maneno kumi ayatamke, sikio lake litamfundisha.

Naona naoneshwa saa. Kuhusu kiambishi -aji cha mwisho wa neno, nendeni mkawaulize watoto: fundi ana ujuzi au ujuaji? Watawajibu kwa kicheko. Na ile fasili ya dhahania kuwa "kitu kisichoonekana" nilitaka kuichambua, basi niseme hivi tu: hewa haionekani, nayo inajaza gurudumu la baiskeli. Karibuni kwa maswali.