Usiuue, Ugandishe: XorDDoS Ndani ya Seva ya Linux

Wangapi hapa wameambiwa Linux haipati virusi? Seva yenye nenosiri jepesi la root, yaani akaunti kuu, inapata, tena mapema. Chukueni XorDDoS, programu hasidi ya Linux: ilifichuliwa mwaka 2014, na mwaka 2022 Microsoft ilikuwa bado inatoa tahadhari juu yake.

Haivunji mlango. Inabisha hodi kwenye SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, na kujaribu manenosiri hadi moja likubali. Ikishaingia, seva yako inatumwa kufurikisha tovuti za watu kwa trafiki, nawe unaona tu mtandao umekuwa mzito.

Jasho linatoka kwenye kuiondoa. Unafungua top, amri ya kuorodhesha michakato, unakuta mchakato wenye jina la herufi 10 zisizo na maana. Unapiga kill -9. Mchakato unakufa, na punde unazuka mwingine, herufi 10 vilevile, jina jipya. Unafuta faili lake ndani ya /usr/bin, linarudi. Michakato yake inalindana, na nyuma yake ipo kron, mratibu wa kazi za kujirudia: mstari ndani ya /etc/crontab unaoendesha /etc/cron.hourly/gcc.sh kila dakika 3. Gcc ni jina la kikusanyaji (compiler) tunachokitumia kila siku, ndiyo maana jicho linapita tu. Hati hiyo ya gcc.sh inanakili /lib/libudev.so na kuiendesha nakala. Hiyo libudev.so nayo imejivika jina la maktaba halali. Ipimeni kwa amri ya file, inayotaja aina ya faili. Ikijibu executable, yaani programu ya kuendeshwa, si maktaba hiyo.

Kwa hiyo anzeni na kron. Futeni ule mstari, kisha chmod 000 kwa gcc.sh kuivua ruhusa zote, na chattr +i kuifunga ili isiandikwe upya. Halafu kill -STOP na namba ya mchakato, kuugandisha. Uliogandishwa haujafa, hivyo walinzi wake hawashtuki. Hapo ndipo mnafuta hati yake ndani ya /etc/init.d na viungo vyake ndani ya rc.d, vinavyoiamsha seva inapowaka, faili la /usr/bin, na libudev.so ya bandia. Kill -9 inakuja mwisho.

Hata hivyo, mimi seva hiyo siiamini tena. Aliyeingia kama root anaweza kuacha moduli ya keneli, kiini cha mfumo, inayoficha mambo yake. Hamisheni data, jengeni upya.

Kwenye seva mpya, kwenye mipangilio ya SSH, wekeni PermitRootLogin no na PasswordAuthentication no, mtu aingie kwa ufunguo. Ila msifunge dirisha la SSH mlilonalo kabla ya kufungua la pili na kuhakikisha ufunguo unakubali. Wengi wamejifungia nje hapo.