Mplebei Si Mlalahoi: Nasaba ya Akina Metellus wa Roma

Ndugu zangu, naanza na lile lile ninalolisema kila mwaka, na nitaendelea kulisema mpaka likae vichwani: mplebei wa Roma si mlalahoi. Wiki hii nzima nimesahihisha mitihani, na karatasi baada ya karatasi imeandikwa "wapatrisi walikuwa matajiri, waplebei walikuwa maskini". Sivyo! Upatrisi ni nasaba. Umezaliwa nao au huna. Raia wengine wote waliobaki ni waplebei: mbeba mizigo wa bandarini ni mplebei, na bwana mwenye mashamba yasiyoonekana mwisho ni mplebei vilevile.

Migomo ya waplebei na sheria za 367 KK, zilizowafungulia ukonsuli, cheo cha juu kabisa cha Roma kilichoshikwa na watu wawili kwa mwaka mmoja, mnazijua, sizirudii. Mwaka uliofuata Roma ikapata konsuli wake wa kwanza mplebei. Ninachouliza mimi ni hiki: lango lilipofunguliwa, waliingia akina nani? Na nani alilirudishia nyuma yake?

Tuwachukue akina Caecilius, mlango wa Metellus. Waplebei hasa, hawana tone la upatrisi. Wa kwanza wao kufika ukonsuli ni Lucius Metellus Denter, 284 KK. Kisha anakuja Lucius mwingine, konsuli wa 251 KK, na huyu ndiye aliyeupa ukoo alama yake. Mwaka 250 KK, mbele ya kuta za Panormus, Palermo ya leo, aliwashinda Wakarthago, mahasimu wa Roma kutoka Afrika Kaskazini, akawateka ndovu zaidi ya mia. Sasa ndovu unawavushaje bahari kutoka Sisilia? Watu wake walipanga mitungi mikubwa safu kwa safu, wakaifunga, wakaunda chelezo, na ndovu wakavuka juu yake. Roma nzima ilitoka kutazama. Tangu hapo ndovu akawa wao. Vizazi na vizazi baadaye sarafu walizopiga akina Metellus bado zina ndovu.

Mjukuu wa huyo bwana ndiye ninayetaka mumjue vizuri. Quintus Metellus, aliyeitwa Macedonicus kwa sababu mwaka 148 KK alimshinda Andriscus, mtu aliyejitangaza kuwa mwana wa Perseus, mfalme wa Makedonia. Konsuli 143 KK. Sensori, yaani msimamizi wa daftari la raia na la Seneti, 131 KK, na mwaka huo ndio wa kwanza masensori wote wawili kuwa waplebei. Alipofariki, 115 KK, jeneza lake lilibebwa na wanawe wanne. Wakati ule watatu walikwisha kuufikia ukonsuli, mmoja wao akiwa konsuli mwaka huohuo wa msiba. Wa nne aliupata 113 KK. Ndugu yake Macedonicus, Lucius Calvus, naye alikuwa na wana wawili, makonsuli wote wawili. Hesabuni pamoja nami: 123, 119, 117, 115, 113, 109. Wana wa baba mkubwa na baba mdogo, makonsuli sita ndani ya miaka 15! Hao ndio waplebei wenu "maskini".

Haya yote tunayajua kwa kuwa orodha ya makonsuli iliyochongwa kwenye mawe zama za Augusto, kaisari wa kwanza, humtaja kila mtu pamoja na baba yake na babu yake. Mwana mkubwa wa Macedonicus ameandikwa vile ambavyo sisi tungemwita Quintus bin Quintus bin Quintus.

Kuna atakayesema: lakini si walipigiwa kura na wananchi? Walipigiwa, ndiyo. Lakini katika mkutano uliowachagua makonsuli wenye mali ndio waliotangulia kupiga kura, na mara nyingi mambo yaliisha kabla zamu ya fukara haijafika. Isitoshe, nyumba kubwa ziliweka barazani vinyago vya nta vya sura za mababu waliopata kushika vyeo. Siku ya maziko walivalishwa watu vinyago hivyo, wakaandamana na maiti hadi uwanjani. Mpiga kura aliyeona maandamano hayo tangu utotoni hahitaji kuambiwa Metellus ni nani.

Na msidhani waplebei walikuwa kitu kimoja. Macedonicus huyuhuyu, akiwa sensori, alimwondoa Atinius Labeo katika Seneti. Labeo alipokuja kuwa tribuni, yaani mtetezi wa waplebei, alimkamata sensori wake wa zamani saa sita mchana, uwanja ukiwa mtupu, akamburuta kwenda kumtupa kutoka jabali la Tarpeia. Plinius, mwandishi wa Kirumi, anasema damu ilimtoka masikioni. Aliponea chupuchupu, baada ya tribuni mwingine kupatikana wa kuzuia. Tribuni wa waplebei anamburuta mplebei!

Marius naye, mplebei wa mashambani aliyekuja kuwa jemadari mkubwa, akipigana Numidia, Afrika Kaskazini, chini ya Metellus aliyekuwa konsuli 109 KK, aliomba ruhusa aende kugombea ukonsuli. Alijibiwa asubiri agombee pamoja na mtoto wa Metellus. Huyo mtoto alikuwa kijana wa kama miaka 20. Marius alikuwa anakaribia 50. Anayemfungia mlango hapa si mpatrisi, ni mplebei mwenzake aliyetangulia kuingia.

Nilitaka niwaeleze kwa kirefu habari za wanawake, muda umenibana. Kila binti wa ukoo huu anaitwa Caecilia, ndiyo maana mnawachanganya. Shikeni mmoja tu: binti wa konsuli wa 119 aliolewa na Aemilius Scaurus, kisha akawa mke wa Sulla, wapatrisi wote wawili. Ukoo wenu hauna upatrisi? Basi mnauoa.

Au mnaulea. Metellus Pius, yule mtoto wa Metellus wa 109 KK, alimchukua kijana wa akina Scipio, mpatrisi wa damu, akamfanya mwanawe. Metellus Scipio huyo aliwasimamisha mababu zake juu ya kilima cha Capitolium, wamepanda farasi, wamepakwa dhahabu. Mwaka 50 KK Cicero, msemaji maarufu wa Roma, anamwandikia rafiki yake Atticus kwamba aliona pale sanamu ya Africanus, Scipio mwingine, chini yake limeandikwa jina la Serapio, baba wa babu yake huyo Metellus. Cicero alidhani fundi ndiye aliyekosea. Baadaye akatambua kuwa kosa ni la Metellus mwenyewe. Kwa hiyo wiki ijayo mtakapochora mti wa nasaba wa ukoo huu, ziacheni sanamu. Anzeni na orodha ile ya mawe, mwende mtu na baba yake, mtu na babu yake.